Wavu Usiotosha: Historia ya Kumlinda Chaza Mkubwa

Kwa muda mrefu chaza mkubwa wa bahari za joto amesifiwa kwa ukatili asiokuwa nao. Mabaharia na waandishi wa vitabu vya safari walisimulia habari za wapiga mbizi walionaswa mguu kati ya magamba yake wakafa maji, lakini katika masimulizi yote hayo hakuna kifo hata kimoja kilichowahi kuthibitishwa. Ni kweli kwamba umbo lake linatisha. Spishi iliyo kubwa kuliko zote, Tridacna gigas, hupita urefu wa mita moja na uzito wa kilo 200, na gamba lake ni zito kiasi kwamba makanisa ya Ulaya yamelitumia kama beseni la maji ya baraka. Hata hivyo, watu waliojaribu kumzalisha na kumfuga, kwanza katika vituo vya visiwani Pasifiki na baadaye katika matangi ya majumbani Ulaya na Marekani, walikuta jambo jingine kabisa. Mnyama huyu ana ngome dhidi ya adui mkubwa, lakini dhidi ya adui mdogo hana kinga ya kutosha. Na kila mara walipomjengea ngome ya pili, iwe wavu, kizimba au kioo cha tangi, adui huyo mdogo alikuwa amekwisha kuingia. Hoja ya makala haya ni kwamba katika historia nzima ya ufugaji wake, kizuizi peke yake hakijawahi kumwokoa chaza. Kilichomwokoa ni jicho la mtu anayemkagua mara kwa mara na uangalifu katika kumchagulia jirani.

Udhaifu huo unatokana na namna mnyama mwenyewe anavyoishi. Mwaka 1928 msafara wa wanasayansi wa Uingereza ulioongozwa na C. M. Yonge ulipiga kambi katika visiwa vya Low Isles, kwenye Mwamba Mkuu wa Matumbawe wa Australia, ukakaa hadi 1929. Miongoni mwa kazi zilizotokana na msafara huo ni uchunguzi wa Yonge kuhusu chaza hawa, alioeleza kwamba ndani ya nyama yao laini hukaa vijimwani vya seli moja, na kwamba chaza huvihifadhi na kufaidika navyo. Leo inajulikana kuwa vijimwani hivyo hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula. Kwa sababu hiyo, chaza hana budi kufungua magamba mchana kutwa na kutandaza nyama yake yenye rangi za buluu, kijani na kahawia mahali palipo wazi. Pembeni mwa nyama hiyo ana mamia ya macho madogo yanayotambua kivuli, naye hujifunga samaki anapopita juu yake. Lakini macho hayo hayaangalii chini. Huko chini, karibu na bawaba ya magamba, kuna tundu ambalo chaza mchanga hupitishia nyuzi za kujishikiza kwenye jiwe. Tundu hilo halifungiki kabisa, na ndilo mlango ambao sehemu kubwa ya historia ya ufugaji wake imeuzunguka.

Ufugaji wa kwanza tunaoufahamu haukulazimika kulifikiria tundu hilo. Katika visiwa vya Manus, Papua Guinea Mpya, na kwingineko Melanesia, watu walikuwa na desturi ya kukusanya chaza waliokwisha kukua na kuwaweka kwenye maji mafupi karibu na makazi. Kila bustani ilikuwa na mwenyewe, na ilikuwa akiba ya kitoweo kwa siku ambazo upepo ulizuia mitumbwi kutoka. Wanyama waliohamishwa hivyo walikuwa na magamba mazito tayari, na aliyehitaji kuzuiwa zaidi ni binadamu mwingine. Ulinzi wao ulikuwa haki ya umiliki inayotambuliwa na jamii nzima. Mfumo huo haukuwa na nguvu mbele ya meli za kigeni. Kuanzia miaka ya 1960 hadi ya 1980, meli za uvuvi, nyingi zikitoka Taiwan, zilipita mwamba baada ya mwamba katika Pasifiki ya magharibi. Wavuvi walikata msuli mnene unaofunga magamba, ambao una bei nzuri sokoni, na kuacha sehemu kubwa ya mnyama ikioza baharini. Tridacna gigas na Tridacna derasa waliwekwa chini ya mkataba wa CITES wa kudhibiti biashara ya viumbe mwaka 1983, na jamaa zao wote wakafuata mwaka 1985. Lakini mkataba unaweza kuzuia shehena, hauwezi kuzaa chaza. Hapo ndipo wazo la kuwatotoa lilipopata uzito.

Mafanikio makubwa ya mwanzo yalipatikana Palau, katika kituo cha ufugaji wa viumbe vya bahari kilichoko Koror. Huko Gerald Heslinga na wenzake, wakiwamo Wapalau waliofanya sehemu kubwa ya kazi ya kila siku, waliweza kuwatotoa chaza kwa wingi, na mwaka 1984 walichapisha maelezo ya mbinu yao. Lava huogelea kwa takriban wiki moja, kisha hutua chini ya tangi wakiwa wadogo kuliko chembe ya mchanga, na baada ya miezi kadhaa huwa vifaranga vinavyoonekana kwa macho na kushikika kwa vidole. Mpango ulikuwa mwepesi kueleweka: vifaranga vikae kwanza katika matangi ya nchi kavu, halafu vipelekwe baharini ndani ya vizimba vya wavu mpaka gamba liwe gumu kiasi cha kuhimili meno. Orodha ya maadui waliotarajiwa ilikuwa ya wanyama wanaovunja: kikande, bunju, taa, kaa na pweza. Wavu ulitosha kuwazuia wengi wao, na mahali ulipokosekana vifaranga viliisha haraka. Kwa hiyo wavu ulikuwa wa lazima. Tatizo ni kwamba hata ndani ya wavu mzima, usiotoboka, vifaranga viliendelea kufa, na magamba yao yalikutwa matupu bila ufa wala mkwaruzo.

Muuaji alikuwa konokono wa baharini. Mwaka 1985 Perron, Heslinga na Fagolimul walimtangaza Cymatium muricinum kuwa adui wa chaza wachanga. Inafaa tumwangalie kwa karibu, maana anaeleza kwa nini wavu ulishindwa. Konokono huyu huanza maisha kama lava anayeelea na mikondo kwa muda mrefu, naye akiwa katika hali hiyo hupita kwenye tundu lolote la wavu bila kuligusa. Hutua ndani ya kizimba, hutafuta kifaranga, hujipenyeza kwenye tundu la nyuzi au katikati ya magamba, na kuanza kula akiwa humo humo ndani ya mwenyeji wake. Anakua upesi. Akimaliza mmoja huhamia kwa wa pili, na anapofikia ukubwa wa kuonekana na mfugaji huwa amekwisha kuacha nyuma yake maganda kadhaa. Wavu uliokusudiwa kumlinda chaza sasa unamlinda muuaji wake, kwa kuwa samaki na kaa ambao wangemla konokono wamefungiwa nje. Katika Visiwa vya Solomon, ambako majaribio ya ufugaji yalifanywa pamoja na wanavijiji, Hugh Govan aliichunguza jamii hiyo ya konokono na kuonyesha kuwa ni miongoni mwa maadui wakubwa wa chaza wanaofugwa. Kinga iliyopatikana haikuwa mashine. Vizimba viliinuliwa juu ya vichanja ili visigusane na sakafu ya bahari, na wenye vizimba wakawa na ratiba ya kuvifungua, kugeuza chaza mmoja mmoja na kuokota konokono kwa mkono. Palipokaguliwa mara kwa mara, vifaranga vilikua; palipoachwa, vizimba viligeuka makaburi. Huko huko Solomon, mwaka 1993, iliandikwa habari ya adui mwingine wa aina hiyo, mnyoo bapa wa jenasi ya Stylochus, ambaye ubapa wake unamruhusu kupita palipo na upenyo mdogo tu.

Waliobaki na matangi ya nchi kavu hawakusalimika pia. Australia, ambako mradi mkubwa wa utafiti uliwahusisha Chuo Kikuu cha James Cook na kituo chake cha kisiwa cha Orpheus, ilikuwa mojawapo ya nchi zilizoshughulikia vimelea wa jamii ya Pyramidellidae. Hawa ni konokono weupe wenye ukubwa wa punje ya mchele au chini ya hapo. Hawana meno. Wana mrija mrefu wanaouchoma kwenye nyama ya chaza na kufyonza majimaji ya mwili. Mchana hujificha chini yake, kwenye mikunjo ya gamba na karibu na lile tundu la nyuzi. Usiku hupanda hadi ukingo wa nyama na kula. Mmoja hamuui chaza mkubwa. Lakini hutaga mayai katika utando mwangavu juu ya gamba lenyewe, huzaana upesi, na katika tangi lisilo na samaki wa kuwadonoa wanaweza kuwa mamia. Baharini hawaonekani kuwa balaa, maana huko wana wanaowala. Ndani ya tangi safi, lililotengwa kwa nia njema, wanakuwa tauni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na katika habari hii hakuna neno la kuongeza wala la kupunguza.

Mafunzo hayo yaliwafikia wafugaji wa majumbani kwa njia mbili, na ni muhimu kuzitenganisha. Njia ya kwanza ni ya matangi yenyewe. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza katika jarida la Marekani namna alivyokuwa akitunza viumbe vya mwambani kwa maji ya bahari, mwanga wa jua, hewa ya kububujika na mawe hai yaliyotolewa baharini pamoja na vyote vinavyoishi ndani yake. Wajerumani na Waswisi, akiwamo Peter Wilkens aliyetoa kitabu chake mwaka 1973, waliliendeleza wazo hilo, na taa kali za metali halidi zilipoingia majumbani ikawezekana kumpa chaza mwanga anaouhitaji hata katika nchi zenye baridi kali. Njia ya pili ni ya chaza wenyewe, kwa sababu vituo vya Pasifiki vilipotafuta soko la vifaranga vyao vililipata kwa wenye matangi. Mwaka 1994 Charles Delbeek na Julian Sprung walitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chao kuhusu matangi ya matumbawe, iliyowapa chaza nafasi kubwa, na mwaka 1996 kikatoka kwa Kiingereza kitabu kizima cha Daniel Knop kuhusu chaza hao. Ujuzi uliopatikana kwa mikono ya wafanyakazi wa visiwani ukawa mwongozo wa sebuleni: chaza mpya asiingizwe tangini kabla ya kukaa karantini, gamba lisuguliwe kwa mswaki, tundu la chini likaguliwe, na ukaguzi urudiwe kwa wiki kadhaa kwa sababu mayai yaliyosahaulika hutotoa. Yakaongezwa ya sebuleni yenyewe: vitatange na jamaa zao wengi hudonoa nyama iliyotandazwa, kikande na bunju hawafai kabisa, na mawe yale yale hai yanayosafisha maji huweza kuficha kaa, au kamba mwenye ngumi ya kuvunja gamba.

Msomaji anaweza kupinga na kusema kwamba nawapa majirani uzito usio wao. Chaza wengi wa majumbani, atasema, walikufa kwa mwanga hafifu, maji machafu na upungufu wa kalsiamu, na ni taa na kemia zilizobadilisha mambo. Pingamizi hili lina ukweli mkubwa. Bila mwanga hakuna vijimwani, na bila vijimwani chaza hufa njaa hata akilindwa na kila kitu. Lakini tazama mfuatano wa mambo. Palau na Solomon jua lilikuwepo tangu mwanzo, maji yalikuwa ya bahari yenyewe, na kalsiamu haikupungua. Mahali ambapo masharti yote hayo yalitimia, kilichowaua vifaranga ndani ya vizimba vilivyofungwa vizuri kilikuwa konokono. Kwa hiyo taa na kemia zililifanya tangi la Berlin lifanane na bahari. Hazikuweza kulifanya liwe salama kuliko bahari. Zaidi ya hayo, majirani wabaya mara nyingi huua kwa kuzuia mwanga. Samaki anayemdonoa chaza kila baada ya dakika chache hamli akaisha. Humlazimisha kujifunga, na chaza aliyejifunga mchana kutwa ni sawa na aliyewekwa gizani. Mwenye tangi akipima maji na taa tu ataona kila kipimo ni kizuri huku mnyama akidhoofika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: chaza wameishi mwambani kwa mamilioni ya miaka katikati ya maadui wote hawa, wala hapakuwa na mtu wa kugeuza magamba yao. Kwa nini basi wahitaji mlinzi leo? Jibu ni kwamba bahari haimlindi chaza mmoja. Inalinda spishi, na kwa gharama ambayo mfugaji hawezi kuilipa. Tridacna gigas mkubwa anaweza kutoa mayai yapatayo milioni 500 kwa mara moja. Hesabu hiyo yenyewe ni ushahidi wa jinsi wanavyoliwa, maana kama sehemu ndogo tu ingekua bahari ingejaa. Uvuvi wa kupindukia uliwapunguza wazazi mpaka katika miamba mingi wakawa mbali mno kwa mayai ya mmoja kukutana na mbegu za mwenzake, na kuanzia hapo hesabu ya zamani haifanyi kazi. Ufilipino, ambako spishi hiyo ilikuwa karibu kutoweka, Edgardo Gomez na wenzake wa maabara ya Bolinao walianza katika miaka ya 1980 kuwarudisha kwa vifaranga vilivyotoka nje ya nchi, navyo vililazimika kulelewa vizimbani kwanza na kulindwa mpaka vikue. Mwenye tangi yuko katika hali kali zaidi ya hiyo: ana chaza mmoja au wawili, na kila kifo kwake ni asilimia kubwa.

Wapo watakaotoa suluhisho la mkato, kwamba chaza aachwe peke yake katika tangi tupu. Historia ya vituo inakataa hilo kwa uwazi. Tangi lisilo na mlaji wa mwani hufunikwa na mwani, na mwani unaofunika vifaranga huviua kama adui mwingine yeyote. Palau walitumia konokono wa jenasi ya Trochus, wanaokula mwani na wasiomgusa chaza, wakawa wasafishaji wa matangi. Yaani konokono mmoja ni muuaji na mwingine ni mkombozi, na hakuna wavu unaoweza kuwatofautisha. Mtu anayejua maumbo yao anaweza. Kwa hoja hiyo hiyo wafugaji wengi huweka samaki wadogo wa jenasi ya Halichoeres au Pseudocheilinus, ambao hudonoa vimelea vyeupe, ingawa samaki hao hulala usiku, wakati vimelea vinapopanda kula, hivyo msaada wao haumwondolei mwenye tangi wajibu wa kukagua. Kujua huku kunawaokoa hata wasio na hatia. Minyoo yenye manyoya ya miiba imelaumiwa mara nyingi kwa sababu hukutwa ndani ya gamba la chaza aliyekufa, lakini mingi kati yake hula mizoga tu. Kumkuta mtu msibani si ushahidi kwamba ndiye aliyeua, na mfugaji anayeangamiza wasafishaji wake kwa shuku anamwachia muuaji halisi nafasi.

Kuna neno la mwisho linalosemwa dhidi ya ufugaji huu, nalo linahitaji jibu la moja kwa moja: kwamba jirani mbaya kuliko wote ni binadamu, na anayemnunua chaza kwa ajili ya sebule yake ndiye wa kwanza kulaumiwa. Binadamu ndiye aliyemaliza miamba mingi, hilo halina ubishi. Lakini binadamu huyo huyo ndiye aliyejifunza kutotoa, na kila kifaranga cha kituoni kinachouzwa kinaweza kuwa kimoja pungufu kinachong'olewa mwambani, mradi mnunuzi adai ushahidi wa kilikotoka na akitunze kisife ili asirudi sokoni kutafuta kingine. Hapa ndipo ulinzi wa tangi la nyumbani unapogeuka kuwa suala la bahari. Jambo hili linaihusu pwani ya Afrika Mashariki pia, kwa sababu Tridacna maxima na Tridacna squamosa ni wenyeji wa miamba ya Kenya na Tanzania, na watu wa pwani hii wanajua tayari kilimo cha bahari kinachodai kwenda na maji kila bamvua; Zanzibar imelima mwani kibiashara tangu 1989. Atakayeanzisha ufugaji wa chaza hapa atashawishika kutumia fedha zake nyingi kununua vizimba. Uzoefu wa Palau na Solomon unamwambia anunue vizimba, kwa kuwa bila hivyo kikande na bunju watamaliza kazi kwa siku chache, lakini sehemu kubwa ya bajeti aiweke katika mishahara ya watu watakaovifungua, watakaowafahamu konokono wote kwa sura, na watakaokuwa na mamlaka ya kumkataa chaza yeyote asiyekaguliwa chini.